Ridhaa ya Bwana Maswali

Tairi lilimponyoka Mwidani saa nne kasorobo asubuhi, pale Miritini malori yanapopanga foleni kungoja mizigo. Na si tairi la mchezo, ni la lori, uzito wake kama mtu mzima aliyeshiba. Likateremka na mteremko, likapita katikati ya meza za mahamri, likamkosa chupuchupu tanboi mmoja, msaidizi wa dereva, aliyekuwa akipiga mswaki, mahamali wakapiga mbinja kama wako uwanja wa mpira, na mwisho likaenda kugonga nguzo ya hema jeupe ambalo jana yake halikuwapo. Hema likalala chini. Ndani yake sauti ya mwanamke ikasema, "Yarabi! Hata kazi sijaanza!"

Mwidani alikimbia, akainua turubai. Akatoka mwanamke wa miaka thelathini na ushei, amevaa buibui la zambarau lenye nakshi za uzi wa fedha mikononi, mtandio umemwendea upande, bunda la karatasi amelikumbatia kifuani kama mtoto. Hina ya vidoleni ilikuwa imekolea mpaka ikaingia weusi. Shingoni alining'iniza kitambulisho, kimeandikwa RAHIMA, na picha ambayo haikumtendea haki hata kidogo.

"Umeumia, dada?"

"Sijaumia. Wewe ndiwe mwenye tairi?"

"Ni mimi. Wallahi limeniponyoka."

"Basi tairi lako lina haraka kuliko mwenyewe. Kazi yako nini?"

"Naziba pancha."

"Haya, Bwana Pancha, anza na hili hema langu."

Mahamali wakacheka. Mwidani naye, ambaye watu walikuwa wamesahau meno yake yakoje, akatabasamu. Akainua nguzo, akakaza kamba, akafunga fundo la kifundi. Kisha macho yakamwendea kwenye kitambaa kilichotundikwa mbele ya hema. Yeye aliishia darasa la nne, husoma polepole kwa kutembeza midomo. UTAFITI WA PRESHA. WATU WA KUJITOLEA WANAKARIBISHWA. Tabasamu likazimika palepale.

Mkewe Mwanatatu alikufa kwa presha, miaka mitatu nyuma. Kichwa kilimuuma Ijumaa, Mwidani akampeleka zahanati, wakaambiwa mashine ya kupimia haina betri, warudi Jumatatu. Jumatatu Mwanatatu alikuwa kaburini. Na siku ile ya Ijumaa, kwenye chumba cha mkubwa wa zahanati, televisheni ilikuwa ikibadilishwa idhaa kwa rimoti. Rimoti ile betri ilikuwa nazo. Wakubwa ndivyo walivyo, betri zao haziishi.

"Leo ndiyo mwaja na mahema?" akasema. "Watu wafapo, nyinyi huwa wapi?"

Kazungu, hamali mwenye kifua kama mlango, akadakia: "Wanataka damu wakauze hao! Mwambie!"

Na mama muuza mahamri naye, aliyekuwa amechungulia zile karatasi: "Wanaita watu washiriki. Mimi ushirikina sifanyi, nina swala zangu tano."

"Mshiriki, mama, si mshirikina," Rahima akasema. "Mshiriki ni mtu aliyekubali kuingia katika jambo pamoja na wenziwe." Kisha akamgeukia Mwidani. Hakujitetea. Alivuta kiti cha plastiki, akakipangusa kwa mkono. "Sijui walikuwa wapi hao unaowasema. Mimi nilikuwa Likoni. Kaa unieleze ni nani aliyekufa."

Mwidani alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, kiti hakuwa amejiandaa nacho. Akakaa. Akaeleza mpaka chai ya watu ikapoa. Rahima alipomjibu, alimjibu kwa maneno ya kawaida. Watafiti walitaka kujua kama kuwapima wanaume pale pale wanapofanya kazi, badala ya kuwangoja hospitali ambako hawaendi, kutafanya presha igunduliwe mapema kabla haijamwangusha mtu. Ili walijue hilo walihitaji watu wa kujitolea. Mwenye kuingia atapimwa kila mwezi kwa mwaka mmoja. Atakayeonekana mgonjwa ataanzishiwa dawa siku hiyo hiyo.

"Siku hiyo hiyo?"

"Siku hiyo hiyo."

"Na karatasi zote hizo za nini?"

"Hii ni karatasi ya ridhaa. Ukikubali, unatia saini."

"Nisomee," Mwidani akasema. "Yote. Mke wangu hakuna aliyemweleza kitu. Mimi nataka kuelezwa mpaka nukta."

Zilikuwa kurasa saba.

Ndani ya gari lililoegeshwa kando, vioo vimepandishwa juu kwa ajili ya baridi ya mashine, alikuwa amekaa Brandon, msimamizi wa Rahima na wenziwe wanaoalika watu utafitini. Kijana wa bara, viatu vimechongoka mbele. Akateremsha kioo nusu. "Rahima, zii, acha hayo! Mtu mmoja dakika tano. Mwekee tu kidole gumba, tusonge."

"Simwekei," Rahima akajibu bila kugeuka. "Ukurasa wa kwanza, Bwana Pancha. Tega sikio."

Wakati wa Mwidani ulikuwa wa kuibaiba, kati ya tairi na tairi, kwa hiyo siku ile walifika nusu ya ukurasa. Kesho yake akaja amenyoa ndevu. Siku ya tatu akaja na shati la maua lililopigwa pasi, mahamali wakampigia vigelegele vya kike.

"Swali," alikuwa akisema, kidole juu.

"Tena? Hilo la ngapi leo?"

"La tisa. Hapa mmesema 'kiasi kidogo cha damu'. Kidogo cha nani? Cha mbu au cha mganga?"

"Vijiko viwili vya chai."

"Vya chai yangu au ya kwako? Maana wewe kijiko chako cha sukari nimekiona, ni koleo."

"Nitakubadilisha jina wewe. Si Bwana Pancha tena. Bwana Maswali."

Walipofika ukurasa wa tatu, Rahima akasoma: "Unaweza kujitoa wakati wowote bila ya kutoa sababu, na hutanyimwa matibabu yako ya kawaida."

Mwidani akamwinulia mkono asimame. "Rudia."

Akarudia.

"Aliyeandika hayo ni nani?"

"Wakubwa."

"Wakubwa wameandika kwamba naweza kuwaambia basi, naenda zangu, na wasinifanye kitu?"

"Wameandika na mhuri wakapiga."

Mwidani akaitazama ile karatasi kama mtu aliyeokota kitu cha thamani jalalani. "Na wewe mbona wasoma kila neno, na mkubwa wako kule garini yuakupigia honi?"

Rahima akakunja na kukunjua pembe ya ukurasa. "Niliozwa nina miaka kumi na tisa. Mashahidi wakaja mlangoni wakaniuliza nimeridhia. Nilikuwa naogopa, ulimi ukanishika. Wakasema bikira akinyamaza ndiyo ridhaa yake, wakaenda zao kula biriani. Miaka sita nilikaa kwenye ndoa ile, mpaka nikaachwa. Tangu hapo hakuna mtu atakayetiwa popote kwa mkono wangu bila ya kusomewa na kusema mwenyewe."

Mwidani akakiteremsha kidole cha swali.

Jioni simu zikaanza. Ya kwanza ilipigwa na Rahima, kwa sauti ya kiofisi isiyomkaa vizuri. "Nilitaka kujua kama ukurasa wa nne umeufikiria."

"Nimemfikiria msomaji."

"Msomaji hayumo katika utafiti."

"Ndiyo makosa ya utafiti wenu hayo. Umekula?"

"Nimekula. Mchuzi wa nazi na samaki wa kupaka."

"Wanitesa, Rahima. Mimi hapa nina mkate na chai ya rangi."

"Pole, kipenzi." Neno limeshamtoka. Rahima akacheka, akakata.

Mambo hayakukaa hivyo. Alhamisi Brandon alishuka garini, jambo ambalo kwa kawaida hakulifanya jua likiwa kali, akatangaza mbele ya watu: wiki nzima Miritini imetoa watu wawili. Kesho asubuhi wasipopatikana ishirini, hema linahamia Shanzu kwa wafanyakazi wa mahoteli, ambao hawana maswali. Halafu akamwamuru Rahima aingie garini, kuna mkutano ofisini. Rahima akaingia. Alimtazama Mwidani kupitia kioo, macho yamejaa, gari likaondoka.

Hapo Mwidani akaona alichokuwa akikaribia kukikosa. Hema likienda, wale wanaume watarudi kuishi kama alivyoishi Mwanatatu, kwa kubahatisha. Na likienda, linaenda na Rahima.

Akaacha pancha tatu chini. Mchana kutwa alipita lori kwa lori. "Nyinyi mwanijua mimi," aliwaambia. "Wakubwa siwapendi, na sijaanza leo kuwapenda. Lakini karatasi ile nimesomewa. Kuna mahali imeandikwa mwaweza kutoka mkitaka. Ni serikali gani iliyowahi kuwaambia hivyo? Ningali na kurasa mbili, nazo nitasomewa kesho kabla ya saini. Njooni msomewe na nyinyi."

Kazungu alibisha mpaka jua likapinda, mwisho akasema, "Kama ni damu ya kuuzwa, yangu waiuze kwa bei nzuri. Naja." Mzee Lewa, dereva wa lori wa miaka sitini, akasema naye yuaja. Mpaka alasiri walikuwa kumi na tisa, na Mwidani wa ishirini.

Alimpigia Rahima mara nne. Simu ilikuwa imezimwa, yumo mkutanoni. Baada ya magharibi akakaa juu ya tairi, akaanza kuandika kwa kidole gumba kilichozoea spana, kwenye kioo chenye ufa. Ujumbe ulimchukua karibu nusu saa. Uliposomwa aliona alama mbili zikigeuka buluu. Akangoja jibu. Halikuja. Akajiambia kwamba furaha imemzidi.

Asubuhi wakafika wote ishirini, wameoga, mashati ya Ijumaa, na matumbo matupu, kwa sababu Rahima alikuwa amemweleza kwamba damu hutolewa kabla mtu hajala. Hema halikuwapo. Palikuwa na matundu manne ya vigingi na majani yaliyolala.

Mwidani alisimama akayatazama yale matundu. Akapiga simu. Haipatikani.

"Nimekosa mahamri ya moto kwa ajili ya hii?" mmoja akauliza.

"Mnawaona?" Mwidani akafoka. "Mnawaona walivyo? Wakitutaka waja na maneno matamu, tukisimama tukasema ndiyo, hawapo! Wote ni wamoja! Na yeye ni wao, nilikuwa mjinga, nilinyoa ndevu kwa ajili ya mtu wa ofisini!"

"Ulimwambia twaja?" Kazungu akauliza.

"Nilimwandikia!"

"Hebu."

Kazungu alisoma mpaka kidato cha pili kabla karo haijamshinda. Akaishika simu karibu na pua, akasoma kwa sauti: "Rahima mpenzi. Nimefikiri sana. Nimejitoa. Na wenzangu kumi na tisa nimewaambia wajitoe wote. Usiwe na wasiwasi."

Akateremsha simu. "Mwidani. Ulitaka kuandika nini?"

"Kwani nimeandika nini? Kwamba nimejito... nimejito..." Midomo yake ikatembea. Akaona kitambaa cha hema kichwani mwake, herufi moja moja. Akaona na ukurasa wa tatu. Akakaa chini kwenye majani.

"Umekosa *le*," Kazungu akasema. "Neno ni *nimejitolea*. Wewe umemwambia mpenzi wako kwamba umejiondoa, na sisi umetuondoa sote, halafu asiwe na wasiwasi!"

Wanaume kumi na tisa wenye njaa walicheka mpaka wengine wakashikilia malori. Mzee Lewa hakucheka. Alikuwa tayari amefungua mlango wa lori lake. "Sina mzigo mpaka kesho," akasema. "Shanzu si Uganda. Pandeni."

Wakapanda nyuma, wakapita Changamwe, wakavuka daraja la Nyali wameshikana mabega, wakaiacha Kisauni nyuma. Watu wa barabarani waliuliza ni arusi au ni maandamano, na hawakujibiwa kwa sababu wenyewe hawakuwa na hakika.

Hema lilikuwa njia ya mahoteli, karibu na mahakama. Foleni ya wahudumu waliovaa sare ilikuwa ikienda mbio, Brandon akiwashika vidole gumba mmoja mmoja na kuvikandamiza kwenye wino. Rahima alikaa pembeni, buibui jeusi lisilo na nakshi, macho mekundu. Alipomwona Mwidani akishuka lorini alisimama, kisha akajikaza.

"Umekuja kunipa sababu? Ukurasa wa tatu wasema huna haja."

"Rahima..."

"Na 'mpenzi' uliiweka ya nini? Mtu akijitoa kwa mwenziwe humwita mpenzi?"

"Nipe kalamu."

"Ya nini?"

"Wewe nipe."

Akampa. Mwidani akakunjua kiganja chake chenye madoa ya mpira, akaandika taratibu mbele yake: NIMEJITO. Akatulia, akaandika LE, kubwa kuliko zile nyingine, akamalizia A. Akamwonyesha kiganja.

Rahima akasoma. Akatazama lorini, kumi na tisa wamejaa kama magunia, Kazungu anapunga mkono. Akaziba mdomo kwa mtandio, na kilichotoka nyuma ya mtandio kilikuwa kicheko na kilio vimeshikana mikono. "Bwana Maswali! Nimelia usiku kucha kwa ajili ya silabi moja!"

"Niliishia darasa la nne, mpenzi. Darasa la tano ndilo lenye hiyo silabi."

Brandon akaja mbio. "Buda, Miritini tushafunga. Nyinyi mlijitoa, Rahima alinionyesha meseji. Rudini."

"Walijitoa?" Sauti ilitoka ndani ya hema. Ilikuwa ya Margret, muuguzi mkuu wa utafiti, mwanamke mnene wa makamo mwenye miwani ya kamba. "Brandon, uliniambia Miritini watu walikataa. Watu hujitoaje mahali ambapo hawajaingia?" Akamgeukia mhudumu mmoja aliyekuwa akipangusa wino kidoleni. "Baba, umesomewa kurasa ngapi?"

"Kurasa? Nimeambiwa ni ya kupata vyandarua."

Margret akachukua lile bunda la karatasi zenye vidole gumba vya asubuhi ile, akazikata mstari mwekundu moja moja, hakubakisha hata moja. "Hizi si ridhaa. Zitarudiwa zote. Na msomaji ni wewe, Brandon. Nje, juani, kwa sauti. Anza na hawa wa lori."

Brandon akasimama mbele ya mahamali, jasho likamshuka mpaka kwenye ncha za viatu. Hakuwa amemaliza mstari wa kwanza. "Swali!" Kazungu akasema, kidole juu. Kisha vidole kumi na nane vikafuata.

Mwidani, aliyebakisha kurasa mbili, alisomewa na Margret mwenyewe. Ukurasa wa sita ulikuwa na swali. "Una undugu au uhusiano wowote na mfanyakazi wa utafiti huu?"

Mwidani akakuna shingo. "Hilo, mama, mimi sina jibu lake peke yangu."

"Andika ndiyo," Rahima akasema nyuma yake.

Margret akashusha miwani, akawatazama wote wawili, akaandika. "Basi wewe Rahima humgusi, faili lake ni langu. Mkono, bwana." Mashine ikavuma. "Mh. Iko juu kidogo."

"Mtoe huyu nje kwanza," Mwidani akasema, "halafu upime tena."

Rahima akatoka akicheka, presha ikashuka ikawa ya kijana.

Ya Mzee Lewa, kusomewa kulipokwisha na zamu yake ikafika, haikushuka. Walimpima mara tatu, Margret akaacha mzaha. "Mzee, kichwa hakikuumi?"

"Kila siku, mwanangu. Nadhani ni dizeli."

"Si dizeli. Leo huendeshi lori. Kaa hapa." Akampa kidonge na maji, akamwandikia dawa za mwezi, akamshika mkono wakati akimweleza. Siku hiyo hiyo. Mwidani alisimama mlangoni mwa hema akaona yote, tangu kidonge mpaka gilasi ilipowekwa chini tupu. Akatoka nje, akaelekea nyuma ya lori, akafuta uso kwa mkono ulioandikwa, wino ukampaka shavuni. Rahima akamfuata. Alisimama tu karibu naye mpaka alipomaliza.

"Hema linarudi Miritini Jumatatu," akamwambia baadaye. "Margret amesema. Na mimi ndiye msimamizi wake."

"Basi nikuoe kabla hujawa mkubwa nikakuchukia."

"Nawe waposa mtu nyuma ya lori? Mie nina mwenyewe. Ami Ahmad, ndugu wa baba yangu, Likoni, njia ya Shelly Beach. Posa hupelekwa na watu, haitumwi kwa meseji. Hasa za kwako."

"Watu?" Mwidani akageuka. Wanaume kumi na tisa walikuwa wamekaa kivulini, pamba mikononi, wanakula mandazi ya utafiti na kujidai hawasikilizi. "Watu ninao."

"Leo?" Kazungu akaruka. Leseni ya lori alikuwa nayo mwaka wa nne, na tajiri hata mmoja hakuwahi kumpa usukani. Mzee Lewa akampa funguo. "Mie nitakuwa mzee wa posa," akasema. "Daktari amenikataza usukani, ulimi hakuutaja."

Rahima akatoa simu, akaweka sauti ya nje ili mikono yake imalize kumpangusa Mwidani wino shavuni.

"Ami, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona wapiga mchana? Kuna heri?"

"Kuna heri. Kuna watu waja baada ya alasiri. Watu wa posa."

Ami Ahmad akakohoa. "Ya nani?"

"Yangu. Anaitwa Mwidani, fundi wa tairi, Miritini."

"Na wewe wasemaje? Maana mara ile sikukuuliza mimi mwenyewe, na halijanitoka rohoni."

Rahima akavuta pumzi. Brandon, aliyekuwa amewamaliza wa lori na sasa yuko ukurasa wa pili na wahudumu, akaacha kusoma. "Mimi nasema ndiyo, ami! Namtaka!" Akaisema kwa sauti ambayo hata askari wa lango la mahakama waligeuka.

"Alhamdulillahi," sauti ikasema. "Niweke maji ya chai ya watu wangapi?"

"Ishirini."

"Ishirini! Wanakuja na nini?"

"Na lori, ami."

"Waje, karibuni sana," akasema Ami Ahmad. "Lakini waliegeshe barabarani. Ubavuni mwa nyumba nimepanda mchicha."